Wadudu Walioila Hesabu Yangu

Jana asubuhi mmoja wenu, nyie wachotaji wapya, kapita mbele ya nyumba yangu, gambuti mpya, kata nyeupe mkononi, na chupa moja. Moja! Nimemwita, kanipungia mkono kama mgombea udiwani, kaenda zake. Ndiyo maana naandika. Kidato cha nne nimemaliza, kalamu naijua. Karatasi hii wifi yangu ataileta kituoni kwenu aibandike juu ya ndoo ya kunawia mikono, mahali ambapo hata mvivu husimama.

Mimi ni mstaafu. Msicheke. Miaka thelathini sijafika na mtoto wa pili bado ananyonya, lakini kazi ya kuchota viluwiluwi vya mbu nimeifanya miaka sita, kuanzia mabonde ya nyuma ya Naliendele mpaka mashimo ya huku kwetu Msimbati, na sasa siifanyi. Aliyefanya kazi akaiacha anaitwa mstaafu. Saa ya ukutani sikupewa, wala picha ya kupeana mikono. Niliondoka na ukurutu wa miguuni na mambo machache ninayoyajua, ambayo nyie hamyajui na hamjauliza.

Nasikia mmepewa semina hotelini Mtwara mjini, mkala kuku, mkaonyeshwa picha za viluwiluwi ukutani. Hongereni. Ila kiluwiluwi wa ukutani hazami. Wa kweli akiona kivuli chako anazama, wewe unachota maji matupu, unaandika kwamba hakuna kitu, unarudi nyumbani mapema na kujisifu kwamba una mkono mwepesi. Kwa hiyo jua liwe usoni kwako, kivuli kibaki nyuma. Litakuchoma. Lichome, hukwenda pale kupiga picha. Simama kimya mpaka maji yasahau kwamba umefika. Kata uilaze ubavu kandokando penye majani, maji yaingie yenyewe, usiyapige kama mtu anayechota ya kufulia. Katikati ya bwawa ni pa wavivu, hakuna kitu kule. Wa malaria amelala juu ya maji, bapa, kama aliyejinyoosha mkekani. Yule anayening'inia kichwa chini ni mwingine, wa kukunyima usingizi tu. Ukishindwa kuwatofautisha hao wawili, rudisha gambuti, kuna watu wanazihitaji kwa kulimia mpunga.

Haya sikuyapata semina. Nilifundishwa na Binti Mahamudu, mama mtu mzima, Mmakua, ambaye babu zake walivuka Ruvuma kutoka upande wa Msumbiji. Fomu hajui kuisoma, ila akiinama juu ya dimbwi anakwambia mvua ya mwisho ilinyesha lini na mbuzi wa nani alikunywa pale. Mimi Mmakonde, basi tulikuwa watani, na matusi ndiyo yalikuwa salamu zetu. Siku yangu ya kwanza kazini kitu cheusi kilikimbia ndani ya kata yangu, nikapiga yowe, nikaitupa kata na kila kilichokuwemo.

"Umemwaga nini, mwali wewe?" akaniuliza.

"Mdudu, Binti Mahamudu! Mende!"

"Mende yuko jikoni kwa mama yako. Jamani Wamakonde! Panya mnakula, halafu punje ya kunde yenye miguu inawakimbiza!"

"Na nyie Wamakua mnaomla na mkia wake?"

"Mkia ndio mtamu. Chota tena."

Nikachota tena. Akamwinua yule mdudu kwa kidole akaniwekea kiganjani. Kitabuni anaitwa mbawakawa wa maji. Sisi kazini tulimwita mzamiaji. Ni mdogo kama punje ya kunde kweli, mweusi wa kung'aa, hana kona hata moja mwilini, ukimbana anachomoka kama mbegu ya papai. Miguu ya nyuma ina manyoya na anaipiga yote miwili kwa mpigo mmoja, kama makasia. Hewa yake anaibeba chini ya mbawa. Ikimwishia anapanda juu, anatoa matako nje ya maji, anavuta nyingine, anashuka na kitone cha hewa kimemganda nyuma kama shanga. Na kazi yake humo majini ni kula. Anakula viluwiluwi.

"Anayepanda kwa matako ni mla nyama," Binti Mahamudu akanambia. "Ukiona anayepanda kwa kichwa, huyo mla majani, mwache."

"Na kule ofisini?"

"Kule wote wanapanda kwa matako."

Nyie mkimwona mnapiga kelele. Nimewasikia juzi, kelele zimefika mpaka barazani kwangu. Mnamkimbia mtu pekee anayefanya kazi shimoni bila kudai posho ya nauli.

Kuna mwenyekiti mmoja wa kitongoji, kabla mradi wetu wa malaria haujaja, alijitia kuwa fundi wa mbu. Akakusanya oili chafu kwa mafundi wa pikipiki, akaimwaga kwenye dimbwi la nyuma ya shule, akapigiwa makofi. Mbu wakapungua kweli, wiki mbili. Na wazamiaji wakafa wote, maana wakitoa matako kuvuta hewa wanakutana na oili. Mvua iliponyesha, oili ikasombwa, mbu wakawa wa kwanza kurudi, maana mbu anachohitaji ni maji na tumbo la mayai. Mlaji wake hakuonekana mpaka msimu ulipokaribia kwisha. Kwa hiyo yule bwana aliwafagilia mbu uwanja na kuwafukuzia askari. Mpaka leo akipewa nafasi ya kusema, lile dimbwi analitaja kwenye mafanikio yake.

Msimamizi wetu wa mradi tulimwita Bwana Ramani. Alikuwa na shahada, shati la pasi, na ramani kubwa ukutani yenye mashimo yote ya ukanda wetu. Shimo lenye viluwiluwi linachomwa pini nyekundu, watu wa dawa wanakwenda. Shimo tupu linachomwa pini ya kijani, linaachwa mpaka msimu mwingine. Bwana Ramani alipenda pini ya kijani kama mtoto anavyopenda pipi. Miguu yake haikuwahi kuingia shimoni hata mara moja. Alisema nyasi zinamwasha. Sisi tulikuwa tunawashwa na nini, hakuuliza.

Kila mchotaji alipewa chupa mbili zenye vifuniko, moja ya viluwiluwi, moja ya wadudu wengine wote. Sababu hatukuambiwa. Kwenye karatasi waliandika "tenganisha sampuli", wakasaini. Amri isiyo na sababu ni kama amri ya mama mkwe, unaifuata akiwa anakuangalia.

Sasa sikilizeni kosa langu. Huruma zenu kaeni nazo.

Nyumba yetu iko karibu na Shimo la Kifusi, hilohilo aliloliendea mwenzenu jana. Walilichimba kutoa kifusi cha kuinulia barabara, wakaondoka bila kulifukia, mvua ikalijaza, nasi tukalifanya bwawa letu. Humo tunafua, humo tunavundika mihogo. Asubuhi moja zamu ya kulichota ilikuwa yangu. Binti yangu Zuhura alikuwa na mwaka na nusu, na siku hizo alikuwa anasusia kila kitu isipokuwa uji niliopika mimi. Nikapika uji wa mtama, nikatafuta chombo chenye kifuniko kisichovuja, na jicho langu likaangukia chupa ya pili ya mradi. Nikaichemshia maji, nikaisuuza, nikatia uji, nikamkabidhi mama mkwe. Nikajiona mjanja kuliko wote waliosoma.

Shimoni nilichota kama nilivyofundishwa. Viluwiluwi walikuwepo, wale wanaolala mkekani, tele. Wakaingia na wazamiaji watano. Chupa niliyonayo ni moja. Nikawatia wote humo, nikakaza kifuniko, nikasema nitawatenganisha mezani. Njiani bodaboda ikapata pancha.

"Dakika kumi tu, dada," njomba mwenye bodaboda akanambia.

Dakika kumi za bodaboda mnazijua. Nimefika kituoni watu wametoka kuswali alasiri.

Elewa hili, kama mengine yote hukuyaelewa. Bwawani kiluwiluwi ana majani ya kujibanza, ana tope, ana ndugu zake wasiohesabika. Mzamiaji anakula na bado wanabaki wa kuwa mbu. Ndani ya chupa hana pa kwenda. Ni yeye, kioo, na mwenye njaa.

Nikamimina kwenye trei nyeupe. Wazamiaji watano, wazito, wanapiga makasia taratibu kama wageni waliotoka kwenye maulidi yenye pilau ya kutosha. Viluwiluwi hakuna. Vipande vya ngozi na vumbi, basi.

Bwana Ramani akaja na kalamu yake. "Mama Zuhura, umechelewa, wenzako wameshamaliza. Shimo la Kifusi ngapi?"

Nilitakiwa niseme: nimeharibu sampuli, narudi kesho. Maneno manne. Lakini angeuliza chupa ya pili iko wapi, nami ningejibu ina uji. Nikaona aibu. Aibu ya uji!

"Hamna, bosi."

"Sifuri?"

"Sifuri."

Binti Mahamudu alikuwa anafuta meza pembeni. Akainamia trei yangu, akawatazama wale watano, akanitazama mimi. "Hawa wameshiba," akasema.

Bwana Ramani akacheka mpaka akavua miwani. "Jamani njooni! Binti Mahamudu siku hizi anapima shibe ya wadudu! Tumwongezee safu kwenye fomu?"

Wakacheka wote. Na mimi nikacheka. Mambo ya kijinga nimefanya mengi, nimeolewa mapema, nimeamini semina, lakini kile kicheko ndicho ninachokidharau kuliko yote. Pini ya kijani ikachomwa kwenye Shimo la Kifusi, mita chache kutoka mlango wangu, nikiiangalia.

Zikapita wiki. Asubuhi moja Zuhura alikuwa amekaa barazani na kipande cha muhogo wa kuchemsha. Jana yake alichemka kidogo, nikasema meno. Muhogo ukamdondoka, macho yakapinduka, mikono ikaanza kujigonga sakafuni.

"Degedege!" mama mkwe akapiga kelele. "Asipelekwe kwenye sindano, sindano itammaliza! Tafuteni kinyesi cha tembo tumfukize!"

Yule mama nilimheshimu miaka yote, sikuwahi kumjibu hata alipotia chumvi mchuzi wangu mbele ya wageni. Asubuhi ile nilimsukuma akakaa chini, nikampakata mwanangu juu ya bodaboda. Zahanati nikawakuta majirani zangu watatu kwenye benchi, kila mmoja na wake mapajani.

"Mnatoka wapi?" nesi akaniuliza, huku anamtoboa Zuhura kidole.

"Shimo la Kifusi."

Akamgeukia mwenzake. "Tena."

Hakuuliza, alisema tu hivyo, kama mtu anayepokea mzigo aliouzoea. Nikataka ardhi inimeze na trei yangu. Wakamchoma sindano ya kwanza, wakatupeleka hospitali mjini. Siku ya tatu mwanangu akafumbua macho. Akaomba uji.

Tulipotoka hospitali sikwenda nyumbani. Nilishuka kwenye bajaji mlangoni kwa ofisi, Zuhura mgongoni.

"Bosi, ile sifuri ya Shimo la Kifusi ni uongo. Uongo wangu mimi. Niliwatia wote chupa moja, wazamiaji wakala sampuli. Badilisha pini."

"Mama Zuhura, pole sana na mtoto," akasema, macho kwenye kompyuta. "Lakini takwimu zimeshakwenda juu. Takwimu hatubadilishi kwa hisia."

"Si hisia, bosi, ni chupa. Tuma mtu akachote leo."

"Msimu ujao."

"Mbu wanajua habari za msimu wako?"

"Wiki ijayo tuna wageni wanakuja kuona ramani. Nenda kapumzike."

Kapumzike! Nyumbani kwangu jirani alikuwa anambeba mtoto wake wa pili kumpeleka zahanati, na kati yetu na wapuliza dawa kilichosimama ni pini yenye kichwa cha plastiki.

Nikamfuata Binti Mahamudu nikamwambia yote, pamoja na uji. Nilitegemea matusi ya utani. Akasonya tu, kisha akauliza, "Hao wageni wakija, hotuba zinakuwa ndefu kiasi gani?"

"Mpaka wanaosikiliza waombe kufa."

"Basi zinatosha," akasema. "Kalete wazamiaji. Usiwape kitu mpaka siku yenyewe."

Mkutano ulikuwa kwenye darasa la shule ya msingi. Ramani imeletwa kutoka ofisini, imetundikwa ubaoni, imejaa kijani. Nikaingia na mapema, nikaweka chupa kwenye meza kuu, katikati ya maji ya kunywa na maua ya plastiki. Ndani mlikuwa na viluwiluwi kumi na wawili niliowachota Shimo la Kifusi asubuhi ileile. Kulikuwa na mgeni mmoja, mama mwenye ushungi wa bluu, amekaa na daftari.

"Shikamoo mama. Naomba unihesabie hawa, uandike."

Akadhani ni sehemu ya ratiba. Akahesabu kwa ncha ya kalamu, akaandika. Nikafungua mfuko wangu, nikawadondosha wazamiaji watano humo ndani, nikaenda kukaa. Bwana Ramani aliniona, akanyanyuka nusu, lakini dua ya kufungulia ilikuwa imeshaanza, akabaki ameinua mikono kama wengine.

Wakahutubu. Mwenyekiti wa kijiji akamshukuru mtendaji, mtendaji akamshukuru diwani, diwani akawashukuru wote tangu mwanzo kwa kuwa alichelewa na hakujua kwamba wameshashukuriwa. Yule bwana wa oili chafu akapewa dakika mbili, akachukua ishirini, akalitaja dimbwi la shule. Bwana Ramani akashika fimbo akaanza kuigusa kila pini ya kijani, na kila alipogusa watu walipiga makofi. Mimi nilikuwa namwangalia mama wa ushungi wa bluu. Mwanzoni aliangalia ramani. Halafu akaanza kuiibia macho chupa. Kufika saa ya pili hakuangalia kingine. Akamgusa mwenzake kiwiko, na mwenzake naye akainama.

"Kuna swali?" mwongoza mkutano akauliza, tayari anakunja karatasi zake.

Nikasimama na Zuhura mkononi. "Namwomba mama mgeni ahesabu tena."

Mama akainua chupa dirishani. Akaizungusha, akaitazama kwa chini. "Wako wapi?"

"Wameliwa mkiwa mnahutubia," nikasema. "Sasa angalieni ramani, ile pini ya kijani pale chini pembeni. Pini ile ni chupa hii. Niliichota mimi, nikasema sifuri, na nilijua si sifuri."

"Samahanini wageni wetu," Bwana Ramani akasema, anacheka cheko la meno ya mbele. "Huyu mama yuko kwenye matatizo ya kifamilia."

"Ninayo," nikamjibu, nikampandisha Zuhura begani aonekane. "Hili hapa."

Na kutoka mlangoni, Binti Mahamudu, ambaye hakupewa hata kiti, akasema taratibu: "Leo nao wameshiba, bosi. Ongeza safu."

Hakuna aliyecheka. Mchana uleule wageni walidai kuona shimo, na Bwana Ramani akalazimika kuwatangulia, akazama mpaka soksi. Pini ikabadilishwa jioni, kesho yake watu wa dawa wakaja. Mimi nikapewa barua ya makosa mawili: utovu wa nidhamu mbele ya wageni, na kutoa taarifa ya uongo. La kwanza ni upuuzi. La pili ni kweli tupu, sikulipinga, nikavua gambuti palepale nikatembea pekupeku mpaka nyumbani. Yeye hakupewa barua. Amehamishiwa ofisi kubwa, yenye ramani kubwa zaidi.

Majirani walipopata habari, wapo waliokwenda shimoni na vyandarua kuwavua wazamiaji na kuwaponda kwa mawe, ati wao ndio walioleta degedege. Nikawafukuza kwa mwichi wa kutwangia. Mdudu amekula, ndiyo kazi yake, na aliifanya siku ile bila kudanganya mtu. Aliyedanganya ana kidato cha nne.

Sasa nyie mna chupa moja moja. Nimeuliza, nimeambiwa zile za pili mnatilia juisi ya ukwaju. Mnafikiri nawaonea wivu wa gambuti mpya.

Nilipoondoka walinidai kata, fomu, na kalamu. Chupa ya pili hawakuikumbuka, maana ilikuwa jikoni kwangu. Bado ninayo. Nimeisugua kwa mchanga na majivu, harufu ya uji imetoka. Wewe uliyenipungia mkono jana, kesho ukipita uichukue kabla hujashuka shimoni. Nikiwa shambani, mwombe Zuhura, anajua ilipo. Simama upande wake wa kulia ndipo umwite. Sikio la kushoto halikurudi naye kutoka hospitali.